Dizeli Lilikuwa Jina la Mtu

Neno dizeli limezoeleka mno katika Kiswahili chetu hata hapana anayeuliza nasaba yake. Hapa Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, mimi hulisikia kwa makanga wa matatu, kwa mwenye mashine ya kusaga mahindi na kwa mkulima aliyekodi trekta, na aghalabu hulisikia katika malalamiko: dizeli imepanda bei, dizeli imeadimika. Walimu wenzangu wa lugha watakubaliana nami kwamba neno hili limezitii kanuni zetu kwa unyenyekevu mkubwa. Limepokea irabu mwishoni, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kisha likajiunga na ngeli ya I-I pamoja na chai na sukari. Hata hivyo, asili yake ni katika ngeli ya A-WA. Dizeli alikuwa mtu. Alizaliwa, akasoma, akatajirika, akafilisika, na mwishowe akafia baharini.

Nimeona vyema kuyasimulia maisha yake wakati huu kwa sababu usafiri wa meli, ambao uvumbuzi wake uliubadilisha zaidi ya karne moja iliyopita, unatakiwa ubadilike tena. Wapo watakaosema kuwa habari za meli ni za watu wa Mombasa na Lamu, wala hazituhusu sisi tunaoamka tukiutazama Mlima Kenya. Dhana hiyo haina msingi. Kahawa ya Tetu na Mathira, majani chai ya Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati, pamoja na maparachichi ya nyanda hizi, husafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Kilindini na kupakiwa melini. Gharama ya meli ni mojawapo ya mambo yanayoamua mkulima atabakiwa na shilingi ngapi.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza bidhaa za ngozi. Vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Ujerumani mwaka 1870, familia hiyo ililazimika kuondoka na kukimbilia London. Mtoto Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alipelekwa peke yake kwa jamaa zao mjini Augsburg ili aendelee na masomo. Ukimbizi haukumvunja moyo. Alisoma kwa bidii hadi akaingia katika chuo cha ufundi cha Munich, ambako alihitimu mwaka 1880 akiwa na alama za juu kupindukia.

Chuoni alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu na ubaridi. Kwa mwalimu huyo alijifunza jambo lililomkosesha usingizi kwa miaka mingi: kwamba injini ya mvuke, iliyokuwa fahari ya karne ile, ilipoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za joto la makaa iliyoyateketeza. Zaidi ya hayo, injini hiyo ilikuwa kubwa na ya bei ghali, na mwenye uwezo wa kuinunua alikuwa tajiri wa kiwanda pekee. Seremala, mfumaji na mhunzi wakabaki kushindana na viwanda kwa mikono mitupu. Diesel alitamani kuunda injini ndogo, isiyopoteza nishati, ambayo fundi mnyonge angeweza kuimiliki katika karakana yake.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Hewa ikishindiliwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda hupata moto mkali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe pasipo cheche. Mwaka 1893 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi huo. Tarehe 10 Agosti mwaka uo huo, alipokuwa akifanya jaribio la kwanza katika kiwanda cha mashine cha Augsburg, kifaa cha kupimia kani kililipuka na nusura kimuue. Hakurudi nyuma. Mwezi Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa muda wa kama dakika moja, na mwaka 1897 ilipimwa mbele ya wataalamu ikaonekana kwamba iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na mtambo mwingine uliofikia kiwango hicho. Kiwanda kile cha Augsburg ndicho kilichokuja kuwa sehemu ya kampuni ya MAN, ambayo malori yake hupita katika barabara zetu hadi leo.

Jambo ambalo halifundishwi sana ni kwamba mtu huyu hakuifunga injini yake kwa petroli iliyochimbwa ardhini. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti yoyote. Serikali ya Ufaransa ilikuwa na nia ya kuyatumia mafuta hayo katika makoloni yake ya Afrika. Mwaka 1912 Diesel mwenyewe alieleza kwamba mafuta ya mimea, japo yalionekana kuwa kitu kidogo wakati huo, huenda siku moja yakawa na thamani kubwa. Lakini petroli ilikuwa rahisi, na waliokuwa nayo walikuwa na nguvu. Rai yake ikawekwa kando.

Baharini, injini hiyo iliingia kwa njia ya ajabu. Mwaka 1903 kampuni ya ndugu wa Nobel nchini Urusi iliunda meli iliyoitwa Vandal, ya kubeba mafuta kupitia mto Volga. Kwa vile injini za dizeli za siku hizo hazikuweza kugeuza mwelekeo na kwenda kinyumenyume, wahandisi walizifanya ziendeshe jenereta, nao umeme uliopatikana ukazungusha mota za rafadha. Msomaji na azingatie kwamba umeme si mgeni melini. Ulikuwa pamoja na dizeli tangu mwanzo. Kisha mwaka 1912, meli ya Selandia iliyoundwa Copenhagen ilifunga safari hadi Bangkok ikiwa na injini za dizeli na bila dohani kubwa za moshi zilizozoeleka katika meli za mvuke. Tangu hapo, hatua kwa hatua, bahari zote zikawa za dizeli.

Wakati uvumbuzi wake ukienea, Diesel alikuwa akiwaza juu ya maskini. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, alichopendekeza humo kwamba wafanyakazi wachange akiba zao ndogondogo, wamiliki viwanda kwa pamoja na kugawana faida. Kwa sisi wa Nyeri, tuliolelewa na vyama vya ushirika vya kahawa, fikra hiyo si ngeni hata kidogo. Kitabu hicho hakikupata wanunuzi wengi. Ulimwengu uliitaka mashine ya Diesel, lakini haukuyataka mawazo yake juu ya nani aifaidi.

Mwisho wake ulikuwa wa majonzi. Utajiri alioupata uliyeyuka katika kesi, katika biashara za ardhi na katika uwekezaji usiokuwa na busara. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Alikula chajio na wenzake, akaagana nao, na asubuhi hakuonekana. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili majini. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili baharini, na mwanawe akavitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Wengi huamini kuwa alijiua kwa sababu ya madeni. Wengine hushuku kuwa aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 55, na hana kaburi. Meli aliyosafiria ilikuwa ya mvuke.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu yana somo moja zito. Injini iliyobuniwa kwa ajili ya fundi mdogo iliishia kuwatumikia wakubwa, si kwa kuwa mashine ilikuwa na hila, bali kwa kuwa swali la nani ataimiliki na nani ataigharamia liliulizwa na mtu mmoja tu, tena akapuuzwa. Leo meli hubeba zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia kwa ujazo, na nyingi kati yake zinasukumwa na injini za asili ile ya Augsburg. Moshi wake ni karibu asilimia 3 ya gesi zote zinazoongeza joto duniani zitokanazo na shughuli za binadamu. Kwa hiyo ulimwengu unatafuta njia nyingine, na hivi sasa ndipo swali la Diesel linapopaswa kuulizwa upya.

Njia ya kwanza ni ya kompyuta na mawasiliano. Meli nyingi hukimbia baharini kwa kasi, kisha hufika bandarini na kutia nanga zikingojea nafasi ya gati. Zikipashwa habari mapema kwa mitambo ya kidijitali, zinaweza kupunguza mwendo na kufika kwa wakati ufaao. Mwanafunzi na apige hesabu. Nguvu ya kuisukuma meli hubadilika takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Mwendo ukipungua kwa asilimia 10, nguvu hushuka hadi 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani karibu asilimia 73 ya ile ya awali. Safari itachukua muda mrefu zaidi, lakini mafuta ya safari nzima yatakuwa yamepungua kwa karibu asilimia 19. Faida hiyo haihitaji injini mpya, inahitaji habari sahihi tu.

Njia ya pili ni umeme. Nchini Norwe, meli ya Yara Birkeland, yenye uwezo wa kubeba makasha 120, ilianza kazi mwaka 2022 ikitumia betri pekee katika safari fupi za pwani. Betri bado hazijaweza kuivusha bahari kuu meli ya makasha 20,000. Kwa hiyo safari ndefu zinatafutiwa mafuta mapya, na mwaka 2023 meli ya Laura Maersk inayoweza kutumia methanoli ilizinduliwa Copenhagen, mji ule ule wa Selandia. Lakini umeme una kazi nyingine iliyo karibu nasi. Meli iliyofungwa gatini huendelea kuwasha jenereta za dizeli ili ipate taa, iendeshe pampu na kuyapoza makasha ya vyakula, yakiwemo ya maparachichi yetu. Ikiunganishwa na umeme wa nchi kavu, jenereta hizo huzimwa.

Na umeme huo unatoka wapi? Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Maji ya Mlima Kenya na Nyandarua huingia mto Tana, yakapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kuzungusha mitambo njiani. Mvua inyeshayo Nyeri inaweza kuwasha taa za meli Kilindini. Ndiyo maana nasema bahari ni yetu pia.

Linalobaki ni nani atalipa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini liliafikiana mwaka 2023 kuumaliza uchafuzi huu ifikapo mwaka 2050 au karibu na wakati huo. Mpango wa kuzitoza ada meli zinazochafua uliahirishwa kwa mwaka mmoja mnamo Oktoba 2025, baada ya mataifa makubwa kuvutana. Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ada ikitozwa bila uangalifu, mwenye meli ataiongeza katika nauli, mnunuzi wa ng'ambo ataikata katika bei, na mkulima asiyewahi kuiona bahari ataimalizia. Mabadiliko yasipofanywa, mkulima yuyo huyo ataumizwa na mvua zisizotabirika. Kwa maoni yangu, Kenya haina budi kuunga mkono mabadiliko, na papo hapo kudai kwamba fungu la ada hizo lirudi kugharamia umeme wa gatini na mitambo ya mawasiliano katika bandari za nchi maskini, na vyama vya ushirika vishirikishwe msimamo huo unapotungwa.

Wataalamu tunao. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kule Juja, kimekuwa mwenyeji wa kituo cha Afrika cha teknolojia ya usafiri wa baharini tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kinafundisha wahandisi papa hapa Nyeri. Kilichopungua ni mjadala katika lugha ambayo mkulima anaielewa. Mwalimu wa fizikia anapoandika ubaoni volti, ampea na wati, awaambie wanafunzi kuwa Volta, Ampère na Watt walikuwa watu, kama Diesel. Mwalimu wa Kiswahili naye awape insha juu ya safari ya gunia la kahawa kutoka Tetu hadi ng'ambo, na kila mwanafunzi ataje katika kila hatua ni nani anayelipa.