Mgonjwa Aliyetuachia "Kaa Nami"

Katika miaka yote ya kwaya hii hakuna wimbo tulioitwa kuuimba mara nyingi kama "Kaa Nami". Tumeuimba makaburini mvua ikinyesha, na kwa sauti ya chini kando ya kitanda cha mgonjwa. Katika jubilii hii tumeona inafaa tumkumbuke aliyeutunga.

Henry Francis Lyte alizaliwa mwaka 1793 karibu na Kelso, Scotland. Alisomea Dublin, akawa kasisi mwaka 1815. Mwaka 1818, akihudumu Cornwall, aliitwa kumwona kasisi jirani aliyekuwa akikaribia kufa. Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Walikuwa watumishi wawili waliozoea kuwafariji wengine, na zamu yao ilipofika wakajikuta hawana la kuambiana. Wakafungua nyaraka za Paulo, wakasoma pamoja kama wanafunzi. Yule mgonjwa hakupona. Alikufa, lakini kwa amani, na Lyte akarudi nyumbani mtu mwingine.

Tangu mwaka 1824 alichunga kanisa la Lower Brixham, mji wa wavuvi huko Devon, Uingereza. Kifua kikuu kilimmaliza polepole, na siku hizo hakikuwa na dawa. Ya kwanza ilipatikana miaka ya 1940. Alikuwa akikimbilia nchi zenye joto wakati wa baridi, kisha anarudi kwa watu wake.

Septemba 1847, kabla ya kusafiri tena, alishikilia kwamba atahubiri. Jamaa zake waliogopa, maana nguvu zilikuwa zimemwishia. Alihubiri, akashiriki Meza ya Bwana na washirika wake. Binti yake alisimulia kwamba jioni ile alimkabidhi mmoja wa jamaa wimbo huu, pamoja na tuni aliyoitunga mwenyewe. Wapo wanaosema maneno yalikuwa ya zamani zaidi, sisi hatugombani. Tunachoona ni kwamba wimbo wenyewe hauombi uponyaji. Unaomba tu asiachwe peke yake.

Alifariki Nice tarehe 20 Novemba 1847, akiwa na miaka 54, akazikwa huko huko.

Tuni yake haikudumu. Tunayoimba ni ya William Henry Monk, ya mwaka 1861, ambayo besi wetu hupenda kuikimbiza. Leo tutaiimba polepole. Mwenzetu wa alto, aliyetuma ombi la wimbo huu kutoka kitandani, atakuwa akisikiliza kwa simu.