Maisha ya Al-Hajj Malik El-Shabazz (Malcolm X)

Wasomaji wetu wengi wanamjua marehemu huyu kwa hotuba zake na kwa kuuawa kwake. Sisi tunataka kusimama zaidi penye miaka michache ya utoto wake katika mji mdogo wa Mason, Marekani, ambayo wengi huipita mbio.

Alizaliwa Omaha tarehe 19 Mei 1925. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey. Mama yake alitoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1929 walinunua nyumba karibu na Lansing, na mahakama ikawahukumu watoke, kwa kuwa hati ya ardhi ile ilikataza asiyekuwa Mzungu kukaa hapo. Mwezi wa Novemba nyumba ikateketea kwa moto. Baba akafa 1931. Mama akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1939, na watoto wakatawanyika.

Uadui wa Lansing ulikuwa dhahiri. Wa Mason ulikuja na tabasamu. Huko Malcolm aliwekwa katika nyumba ya kulelea watoto, chini ya mume na mke wa Kizungu waliompa chumba chake na kumlisha mezani kwao. Shuleni wenziwe, karibu wote Wazungu, walimchagua kuwa mkubwa wa darasa. Lakini wenye nyumba wale wakiwataja watu weusi kwa jina la matusi naye amekaa papo hapo, bila ya hasira yoyote, kama kwamba hana masikio. Kisha mwalimu aliyempenda akamwuliza anataka kazi gani. Akajibu uwakili. Mwalimu akamnasihi kwa upole kwamba hilo halimfai mtu wa rangi yake. Bora awe seremala. Useremala ni kazi ya heshima, na Nabii Nuhu aliunda safina kwa mkono wake. Lakini wanafunzi Wazungu waliokuwa nyuma yake kwa alama hawakuambiwa hivyo. Tangu siku ile moyo wake ukajitenga nao, na mwaka 1941 akahamia Boston kwa dada yake.

Alifungwa jela 1946 hadi 1952, akaingia Nation of Islam, iliyomfundisha kuwa Mzungu ni shetani kwa maumbile, itikadi isiyokuwa na asili katika dini yetu. Akaitoka Machi 1964, na Aprili akahiji. Huko alikula na kulala pamoja na Waislamu weupe, na fikira yake ikageuka. Sisi hatudhani kuwa tabasamu ndilo lililomgeuza, kwani tabasamu alikwisha kuliona Mason. Mason alipewa nafasi kama sadaka, na mtoaji ndiye aliyeweka mpaka wake. Makka hapakuwa na mtoaji.

Na hapa pwani yetu? Mtu hukaribishwa barazani, akapewa kahawa, akasimama nasi safu moja. Akileta posa ndipo tunapochimbua nasaba ya babu yake, na jawabu la kukataa hupewa kwa maneno laini kabisa.

Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam na Nairobi. Nyumba yake ya New York ilitiwa moto tarehe 14 Februari 1965. Siku ya 21 akapigwa risasi akiwa jukwaani, na umri wake miaka 39. Aliyemtayarisha kwa maziko ya Kiislamu ni Sheikh Ahmed Hassoun, mtu wa Sudan.