Bibi wa Saa Iliyokwenda Kinyume

Wahenga walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Ni wasia mwema, ila mbacha uliokwisha kuliwa na mchwa haulaliki tena. Aliyelijua hilo ni marehemu Bibi Grace Hopper wa Marekani. Ofisini mwake alitundika saa ambayo akrabu zake zilizunguka kinyume, na majira ilisema sawasawa. Kila aingiaye aliona kwamba mazoea si hoja.

Bibi huyu alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na umri wa miaka 7 alifungua saa ya kengele apate kuona iendavyo. Iliposhindikana kuiunga, akafungua ya pili, hata zikatimia saba. Alisomea hisabati, akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Vita vilipopamba moto alijiunga na Jeshi la Wanamaji, na mwaka 1944 akapelekwa Harvard kuihudumia kompyuta iitwayo Mark I.

Siku hizo kompyuta iliamrishwa kwa nambari tupu. Mafundi walinakiliana vipande vya amri madaftarini, na kila kunakili kulizaa makosa. Mwaka 1952 Bibi Hopper alitengeneza A-0, programu iliyovichukua vipande vilivyohifadhiwa na kuviunga yenyewe. Baadaye akaunda FLOW-MATIC, lugha yenye maneno ya Kiingereza cha kawaida, na juu ya msingi huo kamati ya wataalamu ikajenga COBOL mwaka 1959.

Lakini kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kila mtengenezaji wa kompyuta akawa na COBOL yake, na programu iliyokubali hapa ikakataa kule. Bibi alikuwa amestaafu mwisho wa mwaka 1966. Mwaka uliofuata Jeshi likamwita kwa miezi sita tu aje kuisawazisha lugha hiyo. Yeye na wenzake wakaandika programu za kuzitahini COBOL hizo, ionekane ipi yafuata kanuni na ipi imepotoka. Miezi ile sita ikazaa miaka mingi. Alistaafu kabisa mwaka 1986, akiwa admirali wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992.

Alichokipigania kilidhihirika baada yake. Programu kuukuu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili ziliugharimu ulimwengu mali nyingi kuzirekebisha kabla ya mwaka 2000. Mwezi wa Aprili 2020, maelfu walipopoteza kazi kwa ajili ya korona, gavana wa New Jersey aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee, kwani kompyuta za kushughulikia malipo ya wasio na kazi zilikuwa kongwe, na mafundi wake hawapatikani.

Lugha haikuwa na kosa. Nyumba isiyofagiwa kila siku, siku ya wageni hufagiliwa kwa fedheha.