Andy Warhol na Sinema ya Muda wa Saa Nane

Umewahi kusikia sinema inayochukua saa nane na ndani yake hakuna anayepigana wala kukimbizwa, hata neno moja halisemwi? Niliposikia nilicheka, nikadhani ni porojo za darasani.

Aliyeitengeneza ni Andy Warhol. Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1928 mjini Pittsburgh, Marekani, na wazazi wahamiaji waliokuwa maskini. Akiwa mdogo aliugua ugonjwa wa kutetemeka viungo, akalala kitandani kwa wiki nyingi. Mama yake, Julia, alimletea rangi na magazeti ya picha, basi akawa anachora huko huko kitandani. Babake alifariki mwaka wa 1942.

Alipomaliza masomo mwaka wa 1949 alihamia New York kuchora matangazo ya viatu. Mwaka wa 1962 akaonyesha picha 32 za mikebe ya supu. Jamani, mikebe!

Jioni ya tarehe 25 Julai 1964, yeye na wenzake walipanda ghorofa ya 41 ya jengo moja, wakaelekeza kamera kwenye Empire State, jumba la ghorofa 102. Giza likaingia, taa za jumba zikawaka, baadaye zikazimwa. Ni hayo tu. Walipiga picha kwa saa sita na nusu hivi, halafu ikaonyeshwa polepole, ikawa saa nane na dakika tano. Mwaka wa 1965 watazamaji wengine walitoka wakidai pesa zao. Hata mimi ningedai!

Warhol alipigwa risasi mwaka wa 1968, akapona. Alifariki tarehe 22 Februari 1987, akiwa usingizini hospitalini, baada ya kupasuliwa nyongo.

Lakini iko sinema yake nyingine, Sleep, ya mwaka wa 1963. Kwa zaidi ya saa tano ni mtu amelala tu. Hii sikuicheka. Likizo ya Aprili nyanya yangu aliugua sana hapa kwetu Makutano, na zamu ya usiku ikawa yangu. Matatu zilinyamaza barabarani, nikabaki naangalia blanketi likipanda na kushuka. Likikawia kupanda, nami nilikuwa sipumui. Hakuna kilichotokea mpaka jogoo akawika. Nyanya akafungua macho, akaniuliza kwa nini sijaenda kulala.