Rachel Carson: Aliyeficha saratani ili kitabu chake kisikilizwe

Juni 1963, mwanamke mpole alikaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kueleza hatari ya dawa za kuua wadudu. Alivaa wigi. Wengi waliomsikiliza hawakujua kwamba saratani ya matiti ilikuwa inammaliza.

Rachel Carson alizaliwa Mei 27, 1907, Springdale, Pennsylvania, mbali kabisa na bahari. Mama yake ndiye aliyemzoesha kutazama ndege na wadudu. Akiwa na miaka 11, hadithi yake ilichapishwa kwenye jarida la watoto.

Chuoni alianza kusoma Kiingereza ili awe mwandishi, kisha akahamia biolojia. Alidhani ameupa uandishi kisogo. Kumbe ndiyo kwanza amepata cha kuandika.

Baba yake alipofariki 1935, mzigo wa familia ulimwangukia. Akapata kibarua cha kuandika vipindi vya redio kuhusu samaki kwa idara ya uvuvi ya serikali, baadaye akaajiriwa hapohapo. Mwaka 1951 kitabu chake The Sea Around Us kiliuzwa sana, kikakaa wiki 86 kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani.

Pesa hizo zilimwezesha kuacha kazi na kujenga nyumba ndogo kisiwani Southport, jimbo la Maine. Maji yakipwa, alishuka miambani na ndoo, akaokota viumbe na kuvipeleka kwenye hadubini. Akimaliza, alivirudisha palepale alipovitoa. Kitabu chake cha 1955, The Edge of the Sea, kinahusu maisha ya ufukweni.

Mwaka 1958 rafiki yake wa Massachusetts alimwandikia barua: ndege wanakufa baada ya dawa ya DDT kumwagwa kutoka angani. Carson alikusanya ushahidi kwa miaka minne. Katikati ya kazi hiyo, 1960, akagundulika ana saratani.

Silent Spring kilitoka Septemba 1962. Jina lake linamaanisha majira ya kuchipua yaliyo kimya, yasiyo na sauti ya ndege. Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali, ingawa hakutaka dawa zote zipigwe marufuku, alipinga kuzimwaga ovyo. Ugonjwa aliuficha, kwa sababu kitabu kilihusisha dawa hizo na saratani, na wapinzani wangesema anaandika kwa uchungu wake binafsi.

Mei 1963, kamati ya wanasayansi wa Rais Kennedy ilimuunga mkono. Carson alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na yeye hakuiona siku hiyo.

Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Southport, kando ya bahari ileile.