Walter Bradford Cannon

Walter Bradford Cannon (19 Oktoba 1871 – 1 Oktoba 1945) alikuwa daktari na mwanafiziolojia kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha jinsi hofu, hasira na wasiwasi vinavyobadilisha kazi ya tumbo na utumbo.

Maisha ya awali

Cannon alizaliwa Prairie du Chien, katika jimbo la Wisconsin. Katika mji huohuo daktari wa jeshi William Beaumont alikuwa amefanya baadhi ya majaribio yake maarufu kuhusu mmeng'enyo wa chakula, miaka 40 hivi kabla. Baba yake Cannon alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake alifariki Cannon akiwa bado mtoto. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1896, kisha akaendelea na masomo ya udaktari hapohapo hadi mwaka 1900.

Mwaka 1901 alimwoa Cornelia James, ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya. Walipata watoto 5.

Utafiti wa tumbo

Eksirei ziligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata Cannon, akiwa bado mwanafunzi, alianza kuzitumia kuangalia safari ya chakula mwilini. Alichanganya chakula cha wanyama na chumvi ya bismuti, ambayo huonekana kama kivuli cheusi kwenye eksirei. Kwa njia hiyo aliweza kutazama tumbo la paka likifanya kazi bila kumpasua.

Katika kazi hiyo aliona jambo ambalo hakulitarajia. Paka akitulia, mawimbi ya misuli ya tumbo yalipita mfululizo. Paka akikasirika au kuhangaika, mawimbi yalisimama. Akitulizwa, yalianza tena. Utumbo nao ulisimama vivyo hivyo.

Kuanzia mwaka 1906 hadi 1942 Cannon alikuwa profesa wa fiziolojia Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuhusu maumivu, njaa, hofu na hasira, alieleza sababu ya jambo hilo. Mnyama anapokabili hatari, neva na tezi za adrenali huuandaa mwili kupigana au kukimbia. Moyo hupiga haraka, sukari huongezeka katika damu, na damu huelekezwa kwenye misuli. Mmeng'enyo wa chakula hupungua kwa sababu unaweza kusubiri.

Baadaye Cannon alibuni neno homeostasisi, maana yake uwezo wa mwili kutunza uwiano wake wa ndani, kama vile joto na kiasi cha maji. Aliufafanua kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu cha mwaka 1932.

Umuhimu kwa tiba

Watu wengi hupata maumivu ya tumbo yanayorudirudi, pamoja na kuhara au kufunga choo, ingawa vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Hali hiyo huitwa utumbo nyeti. Zamani baadhi ya wagonjwa hao waliambiwa kwamba maradhi yao ni ya kubuni tu. Cannon hakuwa mtafiti wa ugonjwa huo, lakini kazi yake ilionyesha kwamba msukosuko wa moyo una athari halisi, inayoweza kuonekana kwa macho, katika misuli ya tumbo.

Siku hizi, pamoja na dawa na mabadiliko ya chakula, wagonjwa wengi hushauriwa kula kwa saa maalumu, kufanya mazoezi ya mwili, kulala vya kutosha na kujifunza kutuliza wasiwasi. Wengine husaidiwa na tiba ya mazungumzo. Njia hizi hupunguza dalili kwa wengi, lakini si kwa wote.

Ugonjwa na kifo

Watafiti wa kwanza wa eksirei hawakujua hatari zake, na Cannon alifanya kazi miaka mingi akiwa na kinga ndogo. Baadaye alipata kansa ya ngozi na damu iliyohusishwa na mionzi hiyo. Aliendelea kuandika, na kitabu kuhusu maisha yake ya utafiti kilitolewa mwaka 1945. Alifariki mwaka huohuo huko Franklin, New Hampshire, akiwa na umri wa miaka 73.

Mlima Cannon, katika hifadhi ya Glacier jimboni Montana, umeitwa kwa jina lake. Yeye na mke wake waliupanda wakati wa fungate yao.