Blasio Kigozi, Mwalimu Aliyejifungia Ndani



Liko swali moja ambalo halikosi kutokea kila halmashauri ya mtaa inapokutana. Watu wetu wamebatizwa, wamepata Kipaimara, na Sala ya Asubuhi wanaijua kwa moyo. Mbona basi, wakishatoka kanisani, wengi hawasemi na Mungu tena mpaka kengele ya Jumapili nyingine? Wako wanaosema sababu ni ziwa, kwamba wakati wa giza wavuvi hukesha na taa zao kuwatafuta dagaa, na asubuhi mtu hana nguvu ya kupiga magoti. Wengine huwalaumu vijana wanaokwenda Sumbawanga na kurudi na mambo mapya. Kila mmoja humtazama mwenzake. Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyeuliza swali hilohilo zamani, akaanza kulijibu kwa kujitazama mwenyewe.

Jina lake ni Blasio Kigozi. Alikuwa Mganda, aliyezaliwa mwaka 1909. Kaka yake, Simeoni Nsibambi, alikuwa Mkristo asiye na daraja lolote la kanisa, lakini mwenye kiu kubwa ya Mungu. Mnamo Septemba 1929 huyo Simeoni alikutana pale Namirembe, Kampala, na daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja juu ya kazi ya Roho Mtakatifu na kuomba. Daktari huyo alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, mashariki ya Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Ni mbali na Kasanga yetu, kaskazini kabisa hata kupita mwisho wa Ziwa Tanganyika. Rwanda wakati ule ilikuwa chini ya Wabelgiji, na ilikuwa inatoka katika njaa kali.

Mwaka huohuo wa 1929 Blasio akaacha nyumba yao Buganda, akaenda Gahini kufundisha. Alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Nchi haikuwa yake, na lugha ilimbidi kujifunza. Baadaye akakabidhiwa kazi ya kuwafundisha wainjilisti, yaani wale ambao wangekwenda vijijini kufungua makanisa madogo ya nyasi na kuwafundisha watu kusoma. Mwaka 1934 akapewa ushemasi.

Mtu akisikia hayo atadhani Blasio alikuwa mtu wa furaha. Kazi alikuwa nayo, mke alikuwa naye, na kanisa lilikuwa linakua. Lakini Gahini ilikuwa na shida inayofanana sana na ya kwetu. Watu walikuja darasani, wakabatizwa, wakaandikwa katika kitabu, na maisha yao yakabaki palepale. Mkuu wa wauguzi wa hospitali, Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, alikwenda Kampala mwaka 1931 kumwona Nsibambi. Nsibambi akamwuliza Gahini kuna nini hata kazi iwe nzito hivi. Kinuka akazitaja sababu moja baada ya nyingine. Nsibambi alipomsikiliza akamwonyesha kwamba shida ilikuwa ndani ya Kinuka mwenyewe. Kinuka alirudi Rwanda akiwa mtu mwingine.

Mwisho wa mwaka 1933, mara baada ya Krismasi, kulifanyika mkutano pale Gahini. Mafundisho yalitolewa siku kadhaa na watu wakasikiliza kwa heshima, kama watu wanavyosikiliza hotuba. Mwishoni Wakristo wakabaki peke yao kuomba, ndipo mmoja akasimama akaungama dhambi zake waziwazi. Wakafuata wengine, kwa zaidi ya saa mbili. Ulikuwa ni mwanzo, lakini Blasio hakutosheka. Alikuwa anahubiri, na aliona kwamba maneno yake hayana nguvu.

Sasa tunafika mahali ambapo twaomba msomaji asiharakishe. Mwaka 1935 Blasio aliomba apumzishwe kazi kwa muda wa wiki moja. Akaingia katika kijumba chake, akafunga mlango, akakaa humo kwa sala na kufunga. Hakuita mkutano, wala hakuandika barua kwa Askofu kuwashitaki Wakristo wavivu. Alitaka kujua kwa nini yeye, mwalimu wa wainjilisti, amepoa. Na alichokiona mle ndani kilikuwa moyo wake mwenyewe.

Alipotoka, alikwenda kwanza nyumbani kwake, akaomba msamaha kwa mkewe. Kisha akaenda kwa wale aliokuwa akiwafundisha, akaomba msamaha kwao pia. Sisi tuliokaa na chaki mkononi miaka mingi twajua uzito wa jambo hili. Kufunga chakula wiki nzima mwalimu aweza. Lakini kusimama mbele ya darasa na kukiri kwamba umewakosea wanafunzi, hilo ni gumu zaidi. Tena walio nyumbani ndio hujua kama sala zetu ni za kweli. Yafaa tuangalie utaratibu huo: Mungu kwanza, kisha mke, kisha wanafunzi, na mimbara baada ya hao wote.

Tangu hapo alihubiri kama mtu ambaye siku zake ni chache, na kweli zilikuwa chache. Septemba 1935 alikuwa pamoja na Nsibambi, Kinuka na Dakta Church katika mkutano mkubwa wa Kabale, kusini magharibi ya Uganda, na watu wengi waliguswa, wakarudisha vitu walivyoiba na kupatana na jirani zao.

Januari 1936 akasafiri kwenda Kampala kwenye Sinodi ya Kanisa la Uganda. Alikuwa amekwisha kuandaa mambo matatu ya kuwaambia. Alitaka kuuliza ni nini kilicholifanya Kanisa kuwa baridi na kama limekufa. Alitaka kuuliza itakuwaje watu wanaojulikana na wote kuwa wanaishi katika dhambi waendelee kukaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Na tatu, ni nini kifanyike ili Kanisa liamke. Neno lake kuu lilikuwa la Kiganda, Zukuka, maana yake amka.

Hakuyasema. Alishikwa na homa ya papasi, wadudu wale wanaojificha katika nyufa za nyumba za udongo na kuuma usiku, ambao wazee wetu hapa wanawajua vema. Akafa mwezi huohuo wa Januari, hajatimiza miaka 28. Lakini maswali yake yalifikishwa kwenye Sinodi hata hivyo. Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa jubilei ya mwaka 1937, miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika Buganda mwaka 1877, na mwito wa Blasio ukaingizwa katika maandalizi hayo. Huko Gahini kwenyewe uamsho mkubwa ulitokea katikati ya mwaka 1936, yeye akiwa kaburini.

Hatusemi kwamba kila kilichofuata kilikuwa chema. Wako walioungama kwa sauti kubwa ili waonekane, na wako waliowahesabu wenzao kuwa si Wakristo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, walifukuzwa kwa sababu ya ugomvi uliotokana na uamsho huo, na majeraha yake yalichukua muda kupona. Kwa maoni yetu, mtu akiruka ile wiki ya kijumba na kukimbilia kuwarekebisha wengine, hapo ndipo mambo huharibika.

Moto huo ulivuka mpaka ukaingia Tanganyika. Mwaka 1939 ulifika Katoke, upande wa Bukoba, mahali palipokuwa na chuo cha walimu, na walimu wakauchukua kwenda nao shuleni kwao. Mwaka 1946 akaja Dodoma kijana mmoja kutoka Kigezi, Festo Kivengere, kufundisha katika shule ya sekondari ya Alliance. Alikaa huko zaidi ya miaka kumi, akifundisha darasani siku za juma na kuhubiri vijijini siku za mapumziko, muda mrefu kabla hajawa Askofu.